Cooper Black: kila mtu anaiita fonti ya kizamani. Kizamani cha lini hasa?

#1 KalamuNene
Salaam wakuu.

Nasema bila kumung'unya maneno: katika fonti nene zenye serifu, yaani vile vijiguu vya mwishoni mwa mistari ya herufi, sijaona iliyoingia kila mahali kama Cooper Black. Kibao cha chekechea, lebo ya achari, fulana za kamati ya harusi, jalada la santuri, ubavu wa ndege. Na popote ilipo, watu wana neno moja: "ya kizamani". Mteja hajasoma hata kilichoandikwa, keshasema hiyo ya kizamani ndiyo anaitaka.

Ukimbana akwambie kizamani kipi, hapo kila mtu na lake. Mama mmoja mwenye duka la keki aliniambia inamkumbusha santuri za kaka zake. Binti yake akakataa palepale, akasema hizo ni herufi za matangazo ya shule ya msingi, zile za kuprinti na kubandika mlangoni.

Sasa nauliza: huo ukale umo kwenye umbo la herufi, au umo kwenye vitu tulivyozoea kuviona vimeandikwa nayo? Na ninyi mnaoitumia kazini, inakaa wapi vizuri na wapi inaharibu?

Kwa asiyeijua kwa jina: ni ile nono, haina kona kali hata moja, serifu zake zimevimba kama maandazi, tundu la "e" ni dogo mno, na ukiitazama "o" vizuri utaona tundu lake limelala kwa nyuma kidogo.

#2 Mgeni wa Jiji
Nimeweka kambi hapa. Waje wenye kompyuta zao.

#3 PlotaKariakoo
Hili jepesi mkuu. Ni fonti ya miaka ya 70, kwa hiyo inaonekana ya miaka ya 70. Iliundwa kwa ajili ya Letraset, zile karatasi za herufi za kusugua. Uzi ufungwe.

#4 MzeeWaRisasi
Vijana, poleni na kazi. Uzi usifungwe, maana PlotaKariakoo ameteleza karibu nusu karne.

Cooper Black ilitoka 1922, Chicago. Aliyeichora ni Oswald Bruce Cooper, wenzake wakimwita Oz, mzaliwa wa Ohio aliyekulia Coffeyville, Kansas. Alikwenda Chicago kusomea uchoraji wa picha kwenye shule ya Frank Holme, akaishia kuzipenda herufi. Mwaka 1904 akafungua ofisi na Fred Bertsch, wakaiita Bertsch & Cooper, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa matangazo ya biashara. Kiwanda cha kusubu herufi cha Barnhart Brothers & Spindler, cha hapohapo Chicago, ndicho kilichotoa fonti zake. Ilianza Cooper ya unene wa kawaida 1919, ikafuata hii nene 1922, halafu italiki nene na ile nyembamba kwa upana zikaja 1926.

Mimi ujanani nimepanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni. Kila herufi ilikuwa kipande chake, risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, unakiokota kwenye kisanduku na kukiweka mstarini kikiwa kimegeuka. Herufi za namna ya Bodoni, zenye nyuzi nyembamba, zilitutesa. Ikidondoka sakafuni, uzi umepinda. Ukichapa, unaona "n" imekatika kiunoni. Mashine ikizeeka na karatasi ikiwa ya bei ya chini, wino unatambaa na kufukia kila kilicho chembamba.

Sasa itazame Cooper Black kwa jicho hilo. Nyuzi haina. Kona ya kuvunjika haina. Hata nyayo za serifu zake hazijanyooka, zimebinuka chini, kwa hiyo ikichakaa kidogo huoni tofauti. Wino ukitambaa, unatambaa juu ya umbo ambalo tayari ni la mviringo. Kwangu mimi ukale wake uko hapo: ni umbo linalofanana na chapa iliyochapwa kwa mashine iliyochoka, hata likitoka kwenye printa mpya.

#5 PlotaKariakoo
Shikamoo mzee. Mwaka nimeupokea, hoja bado sijaipokea.

Kama ukale unatokana na 1922, mbona hakuna mteja anayeniambia "nipe ya 1922"? Wote wanataka rangi ya chungwa, kahawia na manjano, mistari ya upinde nyuma, herufi zimebanana hadi zinagusana. Hiyo si risasi. Mzee mwenyewe ametuambia risasi kila herufi ina kipande chake, haziwezi kupandana. Kubanana kulikuja na fotosetingi, herufi zinapangwa kwa mwanga kwenye filamu, na kwa Letraset, ambapo unasugua herufi unapotaka wewe. Miaka ya 60 na 70 ndipo mtu yeyote mwenye karatasi moja na kijiti cha kusugulia aliweza kuandika Cooper Black bila kumjua mchapaji. Huko Marekani ikawa mpaka herufi za kubandika kwa pasi kwenye fulana. Watu wanakumbuka kule kubanana.

Jaribuni wenyewe. Andikeni neno moja mara mbili, moja imebanana, moja imeachia nafasi. Mtaona zina umri tofauti.

#6 BintiMvita
Nimejaribu alivyosema PlotaKariakoo, na neno nililotumia ni "Halua", kwa sababu ndiyo kazi iliyo mezani kwangu.

Ya kwanza nimebana mpaka mkia wa "a" ya kwanza umegusa mguu wa "l" na "u" imeingia kwenye tumbo la "a" ya mwisho. Kweli kabisa, jalada la santuri. Ya pili nimeachia nafasi ya kutosha, nikaizungushia mstari mwembamba na kuweka bei chini yake. Imekuwa tangazo la gazeti la zamani sana, la wakati wa wazee wa babu. Fonti ni hiyohiyo, unene huohuo, wino mweusi uleule.

Kwa hiyo mzee yuko sawa na PlotaKariakoo yuko sawa. Inategemea umeiachia hewa kiasi gani.

#7 DizainaMtaani
Hoja nzuri zote, ila mwenye fonti ni Goudy jamani. Frederic Goudy. Nilisoma mahali.

#8 MzeeWaRisasi
Goudy alikuwa mwalimu wa uandishi wa herufi katika shule ile ya Holme, ndiyo maana majina yanachanganywa. Ya Goudy ni Goudy Heavyface, ilitoka 1925 kwa kampuni ya Lanston Monotype, nao waliitoa kwa sababu Cooper Black ilikuwa inauzika mno na kila kiwanda kilitaka cha kwake cha kushindana. Ziweke pamoja utaona Goudy Heavyface bado ina ukali kwenye ncha. Mwanafunzi ndiye aliyemtangulia mwalimu kwa miaka mitatu.

#9 MswahiliLondon
Habari za huko nyumbani. Niwape ya huku.

Hapa Uingereza ukimwonyesha mtu Cooper Black atakwambia vitu viwili. Kwanza easyJet. Wameitumia tangu walipoanza kuruka kutoka Luton mwaka 1995, nyeupe juu ya chungwa, na hadi leo ukikaa dirishani uwanja wa Gatwick unaona mkia baada ya mkia. Pili, Dad's Army, mchezo wa BBC ulioanza 1968. Ule mchezo ni wa Vita vya Pili vya Dunia, herufi zake ni za 1922, na waliouangalia ni watu wa miaka ya 70. Mzee wa Kiingereza akiona fonti hii anafikiria vita. Mtoto wake anafikiria tiketi ya bei rahisi kwenda Hispania.

Kwa hiyo KalamuNene, jibu langu ni kwamba umbo halina umri. Umri unabebwa na kitu cha kwanza ulichokiona kimeandikwa nalo.

#10 Mgeni wa Jiji
Kumbe ndiyo maana Fastjet nao waliitumia! Si mmiliki mmoja na easyJet?

#11 MswahiliLondon
Hapana ndugu. Stelios, mwanzilishi wa easyJet, alikuwa na mkono kwenye Fastjet walipoanza safari Dar mwezi Novemba 2012, hilo ni kweli. Lakini nembo yao ilikuwa ya kasuku wa kijivu, na maandishi yake hayakuwa Cooper Black. Macho yanaweza kukujazia kwa sababu unajua undugu uliokuwepo.

#12 Mwl. Chaki
Mnaenda mbali sana, Chicago na Luton. Mimi ni mwalimu wa msingi na nawaambia yule binti wa duka la keki ndiye aliyesema kweli.

Cooper Black ilikuja bure ndani ya Microsoft Office. Faili lake linaitwa COOPBL.TTF, nendeni kwenye folda ya fonti mtalikuta. Shule ilipopata kompyuta ya kwanza, aliyepewa kazi ya kuandika matangazo alifungua Word akatafuta herufi nene inayoonekana kutoka mwisho wa ukumbi. Zilikuwepo chache. Arial ya kukoza ilionekana ya ofisi. Comic Sans ilikuwa nyembamba. Cooper Black ikasimama. Basi "KIKAO CHA WAZAZI", "USIKANYAGE MAUA", "MATOKEO YA MUHULA", yote nayo, karatasi moja moja, imewekwa kwenye mfuko wa nailoni isiloe.

Kwa kizazi kizima hapa nchini, hakuna santuri wala upinde wa mvua. Ni mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Ukale wenyewe ni wa miaka ya 2000.

#13 PlotaKariakoo
Mwalimu umenigusa. Na upande wetu wa maduka ya uchapaji ongeza CorelDRAW, ile programu ya kuchorea mabango na stika. Humo ilikuja kwa jina la "Cooper Blk BT", hizo BT ni Bitstream, kampuni ya fonti. Vijana wengi Kariakoo wanaijua kwa jina hilo tu, ukiwaambia Cooper Black wanakutazama.

#14 MzeeWaRisasi
Mwl. Chaki amesema:
"hakuna santuri wala upinde wa mvua"

Mwalimu, na mama mwenye duka la keki tumweke wapi? Yeye anakumbuka santuri, na santuri zilifika huku kwa meli na kwa ndege kutoka nje. Jalada la Pet Sounds la Beach Boys la 1966 limeandikwa kwa Cooper Black, kijani na manjano, herufi zimebanana vilevile alivyoeleza PlotaKariakoo. Baada ya hapo majalada ya aina hiyo yalikuwa mengi. Aliyekuwa na gramafoni sebuleni alikutana na herufi hizi kabla kompyuta haijafika wilaya yake.

#15 Mwl. Chaki
Mzee nakuheshimu, lakini nyumba zenye gramafoni zilikuwa ngapi na shule zenye printa ni ngapi? Hesabu iko upande wangu.

#16 FundiBrashi
Niingie kwa upande wa wanaochora kwa mkono. Mimi ni mchora mabango, Morogoro, nimeanza na milango ya maduka na vibao vya saluni, sasa nachora zaidi mabodi ya malori.

Fonti hii ni brashi. Mtu yeyote aliyeshika brashi ya rangi ya mafuta atakwambia. Brashi haitoi kona kali yenyewe, kona kali unaitafuta kwa kurudia na ncha. Ukiacha mkono uende, mwisho wa kila mstari unajaa na kuviringika. Ukichora "S" nene kwa mipigo mitatu, inatoka hivihivi. Mzee amesema huyu Cooper alikuwa mtu wa matangazo, anachora herufi kwa mkono. Basi alichora vile mkono unavyotaka, wakaja wa kiwanda wakasubu.

Na ndiyo maana inaonekana ya kizamani. Si ya 1922 wala ya 70. Inaonekana imechorwa na mtu, na siku hizi vitu vilivyochorwa na mtu vimekuwa vichache mtaani. Nenda barabara kuu yoyote uhesabu mabango ya flexi ya kuprinti na vibao vya brashi.

#17 BintiMvita
FundiBrashi, hoja yako imenipendeza kuliko zote. Halafu niambie, ule mng'ao mweupe mnaouweka juu ya kila herufi nene, kijistari upande wa kushoto juu, mliutoa wapi?

#18 FundiBrashi
Tulifundishwa na waliotutangulia. Unachora herufi, ikikauka unashika brashi ndogo na nyeupe, unapita kwa ndani karibu na ukingo wa kushoto, ukifika kwenye mviringo unainua mkono mstari ufe wenyewe. Unaanza kila herufi upande uleule, la sivyo jua litaonekana linatoka pande mbili. Herufi inapanda juu ya bodi.

#19 MzeeWaRisasi
Hilo lipo hata kwenye risasi. Mwaka 1925 walitoa Cooper Hilite, Cooper Black ileile ikiwa na mstari mweupe wa mng'ao umechongwa ndani. Sasa nani alimfuata nani? Mimi nasema wachora mabango wa Marekani walikuwa wakifanya hivyo kabla, na kiwanda kikawaiga.

#20 DizainaMtaani
Au wachora mabango waliona kwenye magazeti wakaiga. Haiwezi kuamuliwa hivihivi, mzee.

#21 Sauda_K
Samahani niwe tofauti. Mimi fonti hii naichukia pale inapowekwa mahali pasipo pake, na hapa kwetu inawekwa kila mahali.

Tulipofiwa na baba yetu, ndugu mmoja alipeleka tangazo la tanzia kuchapishwa. Likarudi limeandikwa jina la marehemu kwa Cooper Black, nono, limejaa ukurasa, na kivuli chini. Hakuna aliyekosea tahajia, hakuna aliyekosea tarehe. Lakini mama alipoliona alilikunja akaliweka chini ya mto, akasema hilo lisibandikwe. Hakuweza kueleza kwa nini. Mimi naweza. Herufi zile zinacheka. Huwezi kuzitumia kumlilia mtu.

Nimeiona pia kwenye maelekezo ya dawa, maneno madogo, aya nzima. Tundu za "a" na "e" zimeziba, mzee wa watu anapindua karatasi kwenye mwanga. Mtu anaweza kunywa vibaya.

#22 KalamuNene
Pole sana dada Sauda, na Mungu amlaze mahali pema. Hilo la tanzia nimelichukua, nitalisema kwa kila kijana ninayefanya naye kazi.

Na la aya ni kweli tupu. Kazini kwetu fonti hii haiandiki sentensi. Jina, neno, bei, basi. Chini ya ukubwa ambao tundu la "e" linaonekana wazi ukiwa umenyoosha mkono, tunabadili fonti.

#23 MzeeWaRisasi
Dada Sauda, pole. Lalamiko lako lina wenzie wa siku nyingi. Ilipotoka, wachapaji wahafidhina wa Marekani waliiona balaa, wakasema imeharibu kurasa. Cooper mwenyewe anatajwa kuwa alisema ni fonti ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Alijua anatengeneza kitu cha kuuza bidhaa dukani. Alikuwa mtu wa matangazo, msibani hakuipeleka yeye.

#24 PlotaKariakoo
Sasa niseme kwa nini sisi wa stika hatuiachi, maana hapa wengi ni wa skrini.

Stika unakata kwa plota, mashine ya kisu inayoongozwa na kompyuta, halafu unang'oa vinyl (ile plastiki ya stika) isiyotakiwa kwa kibanio. Fonti yenye serifu nyembamba inakuua. Ncha inanyanyuka na kufuata takataka, au inakatika. Ukiibandika kwenye kioo cha daladala, ncha kali ndiyo ya kwanza kubanduka gari likioshwa, maji yanaingia hapo, wiki mbili herufi imeinama. Cooper Black haina pa kushikia. Kisu cha plota kinazunguka bila kusimama, vinyl inang'oka kwa mkupuo mmoja, na ikishakaa kwenye bati la joto haikunji ncha.

Hata topa za keki za mbao na akriliki ni hivyo. Herufi nono zikibanana zinashikana, unapata kipande kimoja kisichovunjika.

Kwa hiyo nami sasa naongeza sababu nyingine: inadumu ukutani. Vibao vya fonti nyembamba vya wakati uleule vilishabanduka na kutupwa. Vilivyobaki ni hivi. Tunaona ya zamani kwa sababu ndiyo iliyobaki.

#25 Mwl. Chaki
Mkuu ulianza na Letraset, sasa uko kwenye gundi. Kesho utatuambia nini?

#26 PlotaKariakoo
Sababu mbili zinaweza kukaa nyumba moja mwalimu.

#27 Mtoto wa Tanga
Wadau, swali la pembeni. Nikiitumia kwenye nembo ya biashara yangu, kuna mtu atanidai? Natengeneza juisi ya ukwaju, nimeshaprinti lebo za majaribio.

#28 DizainaMtaani
Cooper amefariki 1940, tumia tu.

#29 MswahiliLondon
Tuwe waangalifu hapo. Kuna vitu viwili. Umbo la herufi lenyewe, kwa sheria ya Marekani, halilindwi kwa hakimiliki. Lakini faili la fonti lililo kwenye kompyuta yako linahesabika kuwa programu, na lina leseni ya aliyelitengeneza. Ukiwa na Office au Corel ya halali, leseni huja nalo na kwa kawaida kuchapa lebo hakuna tatizo. Ukiwa umelipakua kwenye tovuti isiyojulikana, hujui umechukua cha nani.

Kama unataka usingizi, chukua Fraunces. Ni ya bure kabisa, leseni huria, ipo Google Fonts. Iliyoichora ni Undercase Type, na wamesema wazi walizitazama fonti za Cooper, Windsor na Souvenir. Ina vidhibiti vya kuongeza unene na kulainisha kona, unavuta mwenyewe. Ukiipeleka kwenye unene wa mwisho na ulaini wa mwisho, wateja wengi hawataona tofauti kubwa. Ipo pia Caprasimo hapohapo Google Fonts, imetokana na Fraunces, ya unene mmoja tu.

#30 BintiMvita
Naunga mkono Fraunces. Na hii inatupeleka kwenye jambo ambalo hakuna aliyeligusa: kwa nini imerudi sasa hivi. Miaka kadhaa kampuni kubwa zilikuwa zinavua serifu kwenye nembo zao, zote zikafanana. Halafu 2017 Chobani, wale wa mtindi wa Marekani, wakabadilisha maandishi yao yakawa manene, laini, yenye serifu. Mwaka 2018 Mailchimp, wale wa kutuma matangazo kwa barua pepe, wakachukua Cooper Black. Mwaka huohuo ikatoka fonti ya Recoleta ya kampuni ya Latinotype ya Chile, ambayo ni Cooper na Windsor zimekutanishwa, na tangu hapo kila duka la sabuni za asili na mishumaa Instagram linaitumia. Wateja wetu wanaiona huko kwenye simu, wanakuja kuomba "ya kizamani" wakati walichokiona ni kipya.

#31 MswahiliLondon
Marekebisho madogo BintiMvita: Mailchimp walichukua Cooper Light, ndugu yake mwembamba. Mengine yote sawa.

#32 BintiMvita
Asante, Light. Na hilo linaipa nguvu hoja yangu, maana hata ikiwa nyembamba bado inasomeka kuwa ya kale. Si unene peke yake.

#33 Sauda_K
Na mimi naona hapo pia inapingana na mzee na mashine yake iliyochoka. Cooper Light ina sehemu nyembamba, na bado inaonekana ya kale.

#34 MzeeWaRisasi
Umenibana dada. Nitaifikiria hiyo.

#35 Kanga_na_Jina
Hodi wenyewe. Nimesoma uzi wote. Mbona nyote mnatoa mifano ya herufi ndogo, na huku kwetu tunaandika kwa herufi kubwa? Kanga zote zina jina kwa herufi kubwa. Mabango ya duka, herufi kubwa. Mteja wa Kiswahili ukimpa herufi ndogo anakwambia hujamaliza kazi.

#36 KalamuNene
Kwa fonti hii nakataa, na hii ni vita yangu ya kila wiki. Herufi kubwa za Cooper Black ni pana mno na nzito mno, na maneno yetu ni marefu. Andika "TUNAWAKARIBISHA" uone, bango zima limeisha na simu haijaandikwa. Ndipo kijana anashika ukingo wa maneno na kuyabana kwa mausi mpaka yaenee, miguu inakuwa myembamba na serifu zinabaki nene, herufi zimepoteza sura. Kama nafasi ni ndogo, ile nyembamba kwa upana ya 1926 ipo, hiyo ilichorwa iwe hivyo tangu mwanzo.

Herufi ndogo ndiko utamu uliko. Tazama mikia ya "g", "y", "j" na "p", ni mifupi kuliko ya fonti nyingi. Kwa Kiswahili hiyo ni neema, kwa sababu hizo herufi tunazo tele. Unaweza kuweka "Nyama" juu na "Choma" chini, mistari imekaribiana kabisa, na mkia wa "y" haumkanyagi mtu.

#37 Kanga_na_Jina
Kwa nyama choma sawa. Kwa kanga herufi kubwa zitabaki kubwa.

#38 FundiBrashi
Kanga_na_Jina namuunga mkono. Kwenye lori naandika kubwa. Gari likiwa kwenye mwendo, "a" ndogo na "e" ndogo za unene huu zinafanana. Kubwa hazifanani.

#39 Mtoto wa Tanga
Wakuu msaada tena. Chini ya jina nimeandika "Juisi ya ng'ambo ya mto". Kwenye printi kile kikoma cha juu kimetoka kama kijiti kimesimama, na kuna pengo kubwa kabla ya "a". Inasomeka maneno mawili.

#40 BintiMvita
Hiyo ni kawaida, maandishi yakitumwa kwa simu na kubandikwa Corel yanakuja na alama iliyonyooka. Futa, weka ile iliyopinda. Kwenye Windows shikilia Alt, andika 0146 kwa vitufe vya namba vya kulia. Kwenye Cooper Black utaipata imejaa, ina kichwa cha mviringo na mkia, inalingana na herufi. Usiweke ile inayopinda kinyume, wala ile alama iliyo chini ya kitufe cha Esc, wengi wanaikosea hiyo.

Halafu pengo: chagua alama na "a" peke yake, punguza nafasi mpaka mkia wa alama uwe juu ya bega la "a" bila kuligusa. Fanya kwa jicho. Chapa moja kwanza kwenye karatasi ya kawaida kabla ya kumaliza stika zote.

#41 Mtoto wa Tanga
Imekubali! Asante sana dada.

#42 DizainaMtaani
Kabla hatujasahau, hiyo Windsor inayotajwa ni ya lini?

#43 MswahiliLondon
1905, Stephenson Blake wa Sheffield. Nayo ina mabega ya mviringo na "a" iliyoegemea. Miaka 17 kabla ya Cooper Black.

#44 PlotaKariakoo
Basi Chicago nayo ilikuwa inaangalia nyuma. MzeeWaRisasi, hapo unasemaje? Maana kama mwaka 1922 tayari ilikuwa na sura ya kale, hoja ya santuri, ya Office na ya gundi langu zote zinakuja baada ya harusi.

#45 MzeeWaRisasi
Nasema Windsor na Cooper Black muziweke kwenye ukurasa mmoja, neno moja, ukubwa mmoja, mtu aziweke hapa kabla hatujabishana. Mimi simu yangu haina hiyo Windsor.